Siku Tarmuji Alipopiga Gogo

Kichochoro cha Sumberwuni kimejaa vichanja kutoka msikitini hadi mtoni, vya huyu vinagusana na vya yule. Juu yavyo vinakauka vipande vyembamba vya krupuk, unga wa muhogo uliokandwa na uduvi. Krupuk iliyokauka ukiitia kwenye mafuta inavimba kama shavu la mpiga zumari. Ikinyeshewa kabla haijakauka ndiyo basi tena, kesho yake ina ukungu na inanuka, hata bata wanaikagua kwanza.

Ndiyo maana pale juu karibu na msikiti, nje ya nyumba ya Pak, yaani Mzee, Karsono, linaning'inia gogo lililotobolewa tumbo. Wa kwanza kuliona wingu analipiga gogo, na watu wote wanatoka mbio. Sheria ni moja tu: hukimbilii vyako. Unaanza na kichanja kilicho karibu na gogo, unashuka navyo hivyo hivyo hadi mtoni. Vyako watavifikia wenzako.

Tarmuji aliijua sheria hiyo tangu anatambaa. Lakini alikwenda mjini Surabaya kufanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, na mama yake alipofariki akarudi kuishika kazi ya krupuk ya nyumbani, huku kichwa bado kiko kiwandani. Akauezeka uwanja wake kwa plastiki ngumu, ile inayopitisha jua na kuzuia mvua. Tangu siku hiyo gogo likilia, yeye hatoki. Anakaa mlangoni na kahawa yake, anaangalia watu wanavyopigana vikumbo.

"Mas Tarmuji, mvua hiyo!" Bu Ngatemi, mama jirani wa ukuta kwa ukuta, alimpigia kelele siku ya kwanza, kichanja kichwani.

"Mimi nina paa, Bu."

"Haya baba. Na hilo paa lina mikono?"

Watu wakacheka. Siku nyingine hakuitwa. Baadaye hata salamu zikawa za kutupiwa, kama mtu anavyomtupia paka mwiba wa samaki.

Sasa, upepo hauna rafiki. Siku moja ulilikamata lile paa, ukalitikisa, ukalibeba mpaka mtoni. Tena wakati mbaya, maana tajiri mmoja wa duka la Surabaya alikuwa ameagiza magunia kumi na mawili ya krupuk kwa msimu wa harusi. Gari lingekuja Alhamisi. "Ukinikosesha," tajiri alimwambia kwenye simu, "nitapata mwingine kabla sijamaliza sigara." Tarmuji alikuwa ametumbukiza kila alichonacho kwenye unga na uduvi. Mzigo ukiharibika, hana pa kwenda ila kule kule kiwandani, kwenye gundi iliyomwachia kikohozi.

Akavipeleka vichanja vyake kichochoroni. Nafasi ilikuwa imebaki mwisho kabisa, kwenye ukingo wa mto. Hakuna aliyemkataza, wala aliyemshika mkono.

Siku mbili kabla ya gari kuja, Bu Painah, mke wa Pak Karsono, akafariki alfajiri. Msiba uliwekwa kwa mwanawe mkubwa, ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi wanawake walitoa vichanja vyao na vya marehemu pia. Krupuk ile aliikata kwa mkono wake jana yake, nani angeiacha ivunde ndani? Halafu wakaenda kupika msibani. Wanaume wakabeba jeneza.

Tarmuji hakwenda. Alijiambia, nitakwenda jioni kwenye kisomo.

"Hujavaa kofia, Mas?" Bu Ngatemi alipita na sinia la wali. "Maiti anatolewa."

"Nalinda, Bu. Wingu halijui msiba."

Bu Ngatemi alimtazama juu mpaka chini. "Haya. Linda," akasema, akaenda zake.

Kichochoro kikawa kimya. Hata kuku walijificha. Adhuhuri ilipopita, Tarmuji akahisi ubaridi shingoni. Akageuka. Nyuma ya kilima wingu lilikuwa limesimama, jeusi, tumbo limeshuka, na chini yake mashamba hayaonekani tena.

Akashika kichanja cha kwanza akakiingiza ndani. Akarudi, akashika cha pili. Hesabu ilikuwa kichwani: akikimbia hivi hivi, vyake vyote vinaingia. Kuna muda. Aliposhika cha tatu akainua macho, akaona vichanja vya watu, mstari mzima mpaka msikitini, vyeupe pe, hapana mtu.

Apige gogo? Maiti akiwa bado juu ya ardhi, gogo halilii kwa jambo lolote. Wazee wanasema ni kumfukuza marehemu. Na alipige nani? Yeye, asiyetoka gogo likilia, asiyeenda hata kuzika? Watamtafuna mzima mzima. Na akilipiga, sheria inambana. Ataanzia pale juu. Vyake viko mwisho.

"Shika vyako, wewe," alijiambia kwa sauti. "Nani aliwahi kukushikia?"

Upepo ukapita, ukainua vipande viwili vitatu vya krupuk, ukavirusha chini.

Tarmuji akatukana, hajui anamtukana nani, akatupa kichanja alichoshika, akapanda kichochoro mbio. Akalipiga gogo kwa nguvu zote, mapigo ya mvua, ya haraka haraka, mpaka mti wa kupigia ukamruka mkononi. Kisha akageukia kichanja cha karibu. Kilikuwa cha Bu Painah. Vipande vyake vilikatwa vyembamba, karibu uone kidole upande wa pili. Akakibeba, akakiingiza barazani. Akafuata kingine. Na kingine. Mgongo unawaka, kikohozi kinambana, tone la kwanza likampiga shavuni kama kofi la mtoto.

Hapo ndipo akasikia kandambili.

"Nani mwendawazimu anapiga gogo mtu hajafukiwa!" Alikuwa Bu Ngatemi, mbele ya wanawake wote, mwiko bado mkononi.

"Nipige baadaye, Bu! Shika huko!"

Bu Ngatemi aliangalia juu, akaangalia vichanja vya marehemu barazani kwa Pak Karsono, akauchomeka mwiko kwenye mkanda wa shuka lake la sarong. "Mnashangaa nini? Shukeni!"

Wakashuka kama siafu. Hakuna aliyeuliza hiki cha nani. Lakini mvua nayo haikuuliza. Walipofika ukingo wa mto ilikuwa inamwagika kwa ndoo, na vichanja vya Tarmuji vilisimama vinachuruzika maji. Waliokoa vya nyuma, vilivyokuwa chini ya mgomba. Vingine vilikuwa uji.

Tarmuji akachuchumaa pale pale matopeni, akakamata konzi ya ule uji, ukampenya vidoleni.

"Magunia mangapi yamepungua?" Bu Ngatemi aliuliza, maji yanamtiririka puani.

"Nusu. Zaidi ya nusu."

"Inuka." Akawageukia wenzake. "Jamani, kila nyumba ina krupuk kavu darini. Alhamisi gari la watu lisiondoke tupu. Au nasema uongo?"

"Yangu ni nyembamba kuliko yake," mmoja akasema.

"Basi tajiri atakula nzuri siku moja!"

Wakacheka kwenye mvua. "Bu, mimi..." Tarmuji akaanza, akiinuka.

"Usinishukuru," Bu Ngatemi akamkata. "Wanaume wako kaburini, wanafukia matope. Nenda. Huku tutakausha sisi."

Akaenda, amelowa, hana hata kofia. Makaburini aliwakuta wameinama na majembe, udongo unarudi shimoni wenyewe kwa maji. Pak Karsono alinyoosha mgongo.

"Gogo lile. Nani kalipiga?"

Majembe yakasimama.

"Mimi, Pak."

"Ukaanzia kwa nani?"

"Kwenu. Ndiko karibu na gogo."

Mzee alimwangalia, mvua inamdondoka kwenye nyusi. Alimpa jembe lake, akasogea pembeni kumpisha.