Kijito Kilichomficha Feza

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nane, huko Wamaza, nilipowasha moto peke yangu. Nilikuwa bibi-arusi bado, nimeolewa kutoka Kasongo mjini, mikono laini. Jirani yetu Mwamini binti Salumu, mwenye mwanya na michikichi mingi, alikuwa akinichokoza kila akipita: "Weye bibi-arusi wa Kasongo, shamba lako utachoma lini? Ao unangoja mvua ikuchomee?" Wenzake wanacheka.

Mwanangu Sifa, desturi ya pale ilikuwa wazi. Kabla ya kuchoma shamba la mpunga unafagia njia pana kulizunguka lote, lisibaki hata jani. Kisha jioni unapita nyumba kwa nyumba: kesho ninachoma, shikeni watoto wenu. Mimi nilifagia upande mmoja tu. Kupita kwa majirani niliona haya, kwa kicheko chao. Nilitaka waone moshi wangu, wanyamaze. Haraka haina baraka.

Upepo uligeuka. Moto uliruka pale ambapo sikufagia, ukaingia kwenye kichaka cha shamba la zamani lililokuwa linapumzika. Nikamwona mamamkwe wangu, Mama Anyesi, anakuja mbio bila kitambaa kichwani, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

"Feza iko wapi?"

Feza alikuwa binti yake wa mwisho, miaka saba. Nikasema sijui.

"Iko mu kichaka! Nilimutuma kuni mimi mwenyewe! Mamaa weee! Weye mutoto wa watu, ulimwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Tuliita jina lile mpaka sauti zikakauka. Michikichi ya Mwamini iliwaka mmoja baada ya mwingine, naye hakuitazama, aliita Feza pamoja nasi. Moto ulipochoka tukamkuta kijitoni, amekaa ndani ya maji mpaka kidevuni, macho wazi. Leo ni bibi kama mimi, na bado hawezi kuwasha moto jikoni, wajukuu wanamwashia.

Mama Anyesi hakunipiga. Alinishika mkono wenye majivu, akasema: "Moto hauna mukwe, hauna ndugu. Uliutuma kazi moja, wenyewe ukajipa ingine."

Sasa jana umenipigia simu kwa furaha, kwamba wewe na mume wako mmefyeka msitu wa kwenye chemchemi ya kijito kile kile, mnangoja jua likaushe mchome. Tangu hapo moyo wangu haujakaa. Mwaka jana nilikivuka kwa ndala, visigino vikavu. Tulichoma juu yake kila mwaka, leo hapa, kesho pale, mpaka maji yakakimbia. Zamani dalili ya mvua ilikuwa mawingu. Sasa mawingu yanatupita tu, ao mvua inaanguka yote siku moja, inabeba mbegu. Moniteri wa kilimo, yule anayefundisha wakulima, alitueleza pale Kabambare: moshi wa mashamba yetu, pamoja na wa watu wengine wengi wenye nguvu kuliko sisi, unaifunika dunia kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa. Sikusoma sana, lakini homa ninaijua.

Feza alikuwa na maji. Mtoto wako akizingirwa na moto, atajificha wapi?

Basi sikia. Msichome. Katakata matawi, uyalaze kati ya mistari ya mpunga, yaoze polepole, ardhi itayala. Kazi ni nyingi, na mwaka wa kwanza mavuno yanaweza kupungua, sikufichi. Rudini pia kwenye shamba la zamani, mpande kunde na karanga baada ya mpunga, ardhi ipate nguvu bila kuangusha msitu mwingine. Miti iliyobaki kwenye chemchemi muiache, na pale mlipofyeka mpande mingine. Mume wako akisema wazee wote walichoma, mwambie ni kweli, na mmoja wao ndiye anayekuandikia barua hii. Moto huzaa majivu, mwanangu, haujawahi kuzaa maji.

Mungu akupe mpunga mzito, na mikono yenye harufu ya udongo. Akirudishe kijito kile, mtoto wako aingie mpaka kidevuni, kwa kucheza tu.