Mlango wa Uani

Fundi cherehani alimtazama kwa jicho la pembeni yeyote aliyeuliza habari za lile jengo kuukuu la maduka. Mwenye jengo alikuwa amehama zamani na wanawe, yeye akabaki anashona humo mpaka watu wakaliita lake, naye hakuwakatalia.

Siku moja akaingia mgeni mwenye kamera.

"Shikamoo, mama. Napenda tu historia ya majengo."

"Marahaba." Moyoni akasema, huyu ana lake. Akamdanganya bila kupepesa macho: eti palikuwa ghala la chumvi, kisha shule, kisha moto ukateketeza kila kitu, hati zikiwemo.

Mgeni alisikiliza kwa adabu. "Naweza kuona uani?"

"Ule mlango umekwama, baba. Hata seremala ulimshinda."

Mgeni akauendea, akauinua kidogo kwa goti, kisha akausukuma kwa bega. Ukafunguka. Ujanja ule aliujua fundi tu, na waliokulia mle ndani. Mguu wa fundi ukaganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Huo moto, mama," mgeni akauliza huku akitazama uani, "uliwaka kabla hatujahama, au baadaye?"