Kitasa cha Fundi Mwenyewe

Fundi vitasa wetu huyu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kumwomba mtu kitu. Chumvi ikiwa mbali mezani, alikula chakula hivyo hivyo, chapwa, badala ya kusema "nipe". Hata Mungu alikuwa haombwi, anaarifiwa tu. "Bwana," angesema kila asubuhi, amesimama wima, "leo nina milango minne, yote nimeshaipangia. Amina." Mkewe, ambaye humwomba Mungu hata pini ya nywele iliyopotea, aliguna akaendelea na yake.

Asubuhi ya harusi ya binti yao wa pekee, fundi alijifungia bafuni anyoe ndevu. Kitasa cha mlango ule alikitengeneza mwenyewe, na alijigamba kwamba kina ufunguo mmoja tu duniani. Akautia mfukoni mwa shati, akainama kuvuta maji ya choo, ufunguo ukaponyoka na kwenda na maji.

Mganga hajigangi. Zana zake zote zilikuwa sebuleni. Alichokonoa kitasa kwa chanuo, chanuo likavunjika. Akajaribu dirisha: kichwa kilipita, tumbo likagoma. Kuku wa jirani wakamkodolea macho, naye akawasalimia wasije wakashuku kitu.

"Mume wangu, nikusaidie?" mkewe aliuliza nje ya mlango.

"Niko sawa! Namalizia!"

Aliulizwa mara tatu, akajibu hivyo hivyo mara tatu. Huko ndiko kufa na tai shingoni, na tai kweli alikuwa ameivaa.

Gari likapiga honi. Akasikia sauti ya bintiye, imejaa kilio: "Mama, baba yuko wapi? Bila yeye mimi kanisani siingii!"

Akakaa juu ya mfuniko wa choo, povu shavu moja, akaanza kama kawaida, "Bwana, leo nime..." Hakuwa na cha kuarifu. Machozi yakachanganyika na povu.

"Baba," akasema, "nimekwama. Sijui la kufanya. Nitoe."

Kitasa kikalia, ka! Mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, ufunguo mkononi.

"Huo umeutoa wapi?"

"Nilichongesha kwa yule fundi wa mtaa wa pili. Mwaka wa tatu sasa."

Mpinzani wake! "Na umekaa hapo tangu lini?" fundi akauliza.

"Tangu unavunja chanuo langu."

"Mbona hukufungua?"

"Nimekuuliza mara tatu, baba. Si ulisema uko sawa?"

Alimwingiza bintiye kanisani na ndevu za upande mmoja, watu wakacheka mpaka mchungaji akasahau ukurasa. Fundi hakujali, alikuwa na furaha. Kwenye karamu alionja chakula, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama," akasema, "naomba chumvi."