Samaki wa Kupigwa Picha

Baba alipofariki Desemba, mama aliacha kula. Hakugoma. Alisema tu kwamba ameshiba, huku hata chai ikipoa mbele yake. Ndugu zetu wa Columbus, walio ughaibuni kama sisi, walituma sala kwa simu. Dada yangu wa Buffalo alituma dagaa wakavu kutoka duka la Grant Street. Mama akawanusa, akasema wamekaa safarini muda mrefu kuliko sisi. Alikiri kwamba angeonja kitu kimoja tu: samaki mwenye kichwa chake, aliyetoka majini siku hiyohiyo.

Kwa hiyo supavaiza wangu wa kazini, kwenye ghala la Jeffersontown, aliponialika kwenda kuvua samaki aina ya trauti, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikauliza kama mama anaweza kuja. Alifurahi mno, akasema mto huponya.

Jumamosi tuliondoka mtaani kwetu Newburg baridi ikiwa bado inang'ata na miti haijatoa jani. Mama alibeba sufuria, mafuta, nyanya, chumvi, na ugali aliousonga alfajiri na kuufunga kwa taulo. Mtu anayekwenda kuvua abebe nini kingine? Supavaiza alikuwa amebeba vingine vyote: suruali ya mpira inayofika kifuani, kizibao chenye mifuko ya kutosha kuhamia nayo, na kiboksi cha nzi wa bandia wa chambo aliowatengeneza mwenyewe kwa manyoya na uzi. Kila nzi alikuwa na jina. Aliwatambulisha kwa mama mmoja mmoja, kwa heshima, na mama, ambaye maisha yake yote amefukuza nzi kwenye samaki, akaitikia kwa kichwa.

Kijito chenyewe ningekiruka, kama magoti yangekubali. Supavaiza aliingia ndani yake kwa kunyata, akapunga fimbo ndefu ya kuvulia kama mwongoza kwaya. Fimbo niliyoazimwa mimi ilinasa mtini mara ya kwanza tu. Baada ya muda yeye akavuta samaki mzuri ajabu, mwenye madoa ubavuni. Mama akasimama, akakaza kitenge, akafunua sufuria.

Supavaiza akalowesha mikono, akaniomba nimpige picha, akamshukuru yule samaki kwa sauti ya chini, akamrudisha majini.

"Kamponyoka?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kamwachia."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa."

Akapatikana wa pili. Picha, shukrani, maji. Nilimweleza mama kwamba vibali tunavyo na sheria inaruhusu kuwachukua, ila bwana huyu hawali kwa sababu anawapenda.

"Anawapenda," mama alisema, "ndiyo maana anawatoboa midomo."

Akafunika sufuria, akaketi, akageuza uso. Uso ule ndio niliouona mezani majira yote ya baridi. Nilikasirika. Nilimchukia mtu mwema, aliyetuchukua kwa gari lake na kumletea mama yangu kiti cha kukunja. Lakini zamu zangu huzipanga yeye, kwa hiyo nikaendelea kutabasamu na kushika kamera.

Wa tatu alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa bado kwenye wavu mama alipotupita na kandambili zake, akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Mwambie mimi nina njaa."

 Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tuzike.

"Anasema ana njaa," nikamtafsiria. "Hajala tangu baba afe."

Supavaiza alimtazama mama, akatazama samaki, akatazama juu na chini ya kijito kama mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni mwa baa. Kisha akanipa wavu, akatugeuzia mgongo, akawa anakagua nzi wake kwa makini sana.

Penye maegesho palikuwa na jiko la chuma la kutumiwa na kila mtu. Mama alimpika yule samaki kwa nyanya, akakata tonge, akala, supavaiza akiwa kando ya gari lake, mimi nikijifanya nachochea moto ili asinione machozi. Alipofika kwenye kichwa, akainua macho na kunikemea:

"Umesimama tu! Huyo mgeni atakula saa ngapi? Mnawishe mikono, umkaribishe."

Nilikwenda mbio kutafuta maji.