Mkufu wa Mbegu

Juzi, kwenye agroveti moja, duka la pembejeo za kilimo, mjini Kitale, niliona mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, nikacheka peke yangu. Utotoni nilidhani zimepakwa ili zipendeze. Mama alikuwa akienda harusi Bungoma na hakuwa na mkufu, basi nikaloweka mbegu zake, nikazitunga kwa sindano na uzi. Vidole vyangu vilinuka vikali.

“Wee! Hiyo ni dawa ya wadudu, si shanga!”

Mama aliniosha kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaufukia mkufu nyuma ya jikoni, akaenda harusini shingo tupu.

Wiki iliyofuata, mahindi yaliota kwa duara. Mama akaita majirani.

“Kujeni muone mkufu wenye mtoto wangu alinitengenezea!”