Pilipili Kwenye Vidole

Heri ningekataa kupaka vidole vyangu pilipili. Leo jirani anapoitwanga na harufu inanikwaruza koo, namwona tena mjomba wangu, bingwa wa mbwa ambaye hakuwahi kufuga hata kuku, ameketi kwenye lupango yetu ya Saio, ule ua wa nyumbani.

"Mutoto wa mbwa anakuuma, na weye unacheka tu? Mupake pilipili mu kinywa!"

Dada yangu mdogo, aliyeniita Yaya kwa kuwa nilimzidi umri, alinishika shati. "Yaya, hapana! Sema 'ayi' ya kuumia, uondoe mukono. Miye nikifanya vile, ananiachaka."

Nikamcheka, mimi mpumbavu mkubwa, nikamtia mbwa vidole mdomoni. Alilia kama mtoto, akakimbilia kwa dada.

Hakuniuma tena. Ila mpaka alipokufa kwa uzee, hakukubali hata siku moja nimguse.