Maji ya Shabu

Mimi ni mtu wa kubishana, na mabishano yangu mengi ni juu ya urefu wa bakteria. Ndiyo kazi yangu: natunga hesabu za kutabiri bakteria atarefuka kiasi gani kabla ya kugawanyika na kuwa wawili. Azaliwe mfupi au mrefu, huongeza urefu uleule, kisha hukatika katikati. Akikosa chakula huwa mdogo na hugawanyika polepole. Akishiba hukua na kuzaana haraka.

Wakati wa mafuriko nilikuwa kwetu Kulesa. Tana ilikuwa imeingia mashambani, kuni zimelowa zote, na maji ya kunywa tulichota mtoni humohumo, mazito kwa tope. Dada yangu alizungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo, kama mama alivyotufundisha. Tope likatulia chini, maji yakabaki meupe. Baada ya hapo huchemshwa, lakini siku hiyo moto uligoma kuwaka.

"Mdogo wangu," akaniuliza, macho yamemjaa moshi, "wewe ndiwe uliyesoma habari za hivi vidudu. Mtoto akinywa hivi hivi, si neno?"

Ningesema sijui. Lakini dada huyu aliacha shule ili mimi nisome, na nilitaka ayaone matunda yake. Nikamweleza, tena kwa madaha, kwamba chakula cha bakteria kimezama na tope. Waliobaki wana njaa, hawana nguvu ya kuzaana.

"Mpe tu," nikasema.

Binti yake alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kesho yake alianza kuharisha maji matupu. Kufika adhuhuri macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Tulimvusha kwa mtumbwi mpaka barabarani tupate gari la Garsen. Mle mtumbwini hesabu zilinijia bila kuitwa: tumboni kuna joto, kuna chakula, mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba niliikomesha kwenye ndoo, kana kwamba maji yale hayanywewi na mtu. Niliona aibu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hospitalini alitiwa maji kwa mshipa siku tatu, akapona. Dada hakunilaumu hata kwa jicho. Natamani angenitukana.

Tuliporudi, jirani alitupokea mlangoni, akambeba mtoto na kumgeuzageuza.

"Maskini, amekuwa mwepesi! Kwani alipatwa na nini?"

Nilifungua mdomo. Dada akaniwahi.

"Ni mimi, shoga. Sikuchemsha maji."

Jirani akamkaripia pale pale, mama mzima asiyejua kulea. Dada akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Nami, mtu wa kubishana, nikanyamaza.